Maji Yaliyowasha Taa

Kawangware,
19 Mei 2025

Kwa Fundi wa Betri,
Makina, Kibera.

Bi. Ruweida,

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu nataka nakala ibaki kwenye faili ya shule, na kwa sababu kila nikikupigia simu nasikia nyundo tu. Mimi ni Mwalimu Sifuna, mkuu wa idara ya sayansi katika shule ambayo betri zake nne ulizipokea mwezi wa tatu, ukaahidi kuzifufua. Msaidizi wetu wa maabara, Bwana Shivachi, anakuletea betri hizohizo pamoja na barua hii. Zimekufa. Hazikumaliza hata miezi miwili.

Alhamisi umeme ulipotea wakati kidato cha tatu wanatengeneza gesi ya klorini. Feni ya kutoa gesi nje hutegemea betri zako. Ilizunguka mara tatu, ikasimama. Nilikimbia nje na darasa zima tukikohoa, mpishi wa shule akitucheka mlangoni pa jikoni.

Sikulaumu sana. Najilaumu mimi, niliyempelekea kazi ya elektroliti mtu asiyejua elektroliti ni nini. Nasikia seli za betri unaziita "vyumba", kana kwamba umezipangisha. Nasikia pia kwamba uliishia darasa la nane. Betri, Bi. Ruweida, si sufuria inayovuja. Ndani yake kuna mabamba ya risasi na ya oksidi ya risasi, yamezama katika asidi ya salfa, na umeme hupatikana kwa sababu ya kinachotendeka kati ya asidi hiyo na mabamba hayo. Sitarajii uelewe. Natarajia uzitengeneze upya kabla ya mwezi kwisha, la sivyo nitamwandikia chifu na kamati ya mafundi wa Makina, wajue wanakaa na mtu wa aina gani.

Sifuna W.
Mkuu wa Idara ya Sayansi


Makina,
23 Mei 2025

Mwalimu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili niliwasomea mafundi wenzangu, maana mvua ilikuwa inanyesha na hatukuwa na kazi. Mwandiko wako ni mzuri, kama wa kadi ya harusi.

Ndiyo, naita vyumba. Kila betri iko na vyumba sita. Nne mara sita ni ishirini na nne, na nimefungua vyote. Wewe umefungua ngapi? Kazi hii nilifundishwa na marehemu mume wangu, Fadul, na hakuniuliza cheti. Aliniambia tu, usiwahi kusema betri imekufa kabla hujaiuliza imeuliwa na nini.

Basi nimeziuliza. Nilipoziweka kwa chaji zilitoa harufu kama ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Asidi peke yake hainuki hivyo. Pengine hata wewe hiyo harufu unaijua, si ndiyo ilikukimbiza mbele ya mpishi? Pleti, hayo mabamba yako, zimelika kama biskuti iliyopitiwa na panya. Nikamuuliza Shivachi, "Hizi betri mnaziongezea maji gani?" Akaangalia chini. Akasema, "Ya maabara, mama. Ya ule mtungi mweupe." Nikamwambia aniletee, na Jumatano akaniletea lita mbili.

Nilichemsha kikombe kimoja kwa sufuria safi mpaka ikakauka. Ikabaki ukoko mweupe. Nikachemsha kikombe cha maji ya betri, ile mimi natumia. Sufuria ikabaki vile ilikuwa. Halafu nikatoa vijiti viwili vya kaboni kwa mawe ya tochi, nikaviunga na betri nzima na taa ndogo nyekundu niliyong'oa kwa redio mbovu. Vijiti nikavitumbukiza kwa maji yangu: kimya. Nikavitumbukiza kwa maji yako: taa ikawaka. Hafifu, lakini ikawaka, na Shivachi akiwa hapo anaona.

Maji safi haipitishi umeme wa kuwasha taa, Mwalimu. Maji ya chumvi inapitisha. Yenu ni maji ya kisima, na mmeinywesha betri, kazi ya mikono yangu, mpaka ikafa. Nilimwambia Shivachi mwezi wa tatu, ongeza maji ya betri peke yake. Nilimwambia mara tatu.

Chifu mwandikie. Anapenda barua.

Ruweida


Kawangware,
28 Mei 2025

Bi. Ruweida,

Nimecheka, na si kawaida yangu.

Sufuria! Vijiti vya tochi! Taa ya redio mbovu! Na hayo ndiyo unayaita uchunguzi. Nimefundisha kemia miaka kumi na tisa, nimesahihisha mitihani ya taifa, na leo nafundishwa usafi wa maji na mtu ambaye banda lake, kwa maelezo ya Shivachi, limepakana na mfereji wa maji taka.

Shule hii ina mtambo wa kukeneka maji. Kwa faida yako: maji huchemshwa, mvuke hunaswa, ukapozwa ukawa maji tena, na chumvi yote ikabaki nyuma. Kila Ijumaa mimi mwenyewe hutia sahihi daftarini kwamba mtambo unafanya kazi. Maji ya mtungi mweupe hutoka humo.

Unataka ushahidi wa mtu aliyesoma? Tarehe 14 kidato cha nne walipima ni vitu gani vinapitisha umeme. Tuliwapa maji ya chumvi, siki, mafuta ya taa, maji ya sukari, na maji yaliyokenekwa kutoka mtungi huohuo. Walikuwa wanafunzi arobaini na wawili. Arobaini na mmoja waliandika kwamba kwenye maji yaliyokenekwa taa haikuwaka. Arobaini na mmoja, Bi. Ruweida, dhidi ya sufuria yako.

Aliyebaki ni msichana mmoja, wa hukohuko kwenu Kibera. Aliandika: "Maji yaliyokenekwa: taa inawaka kwa hafifu. Maji ya sukari: taa inawaka kwa hafifu." Niliisoma karatasi yake mbele ya darasa. Walicheka hadi wengine wakainamia madawati. Nikamuuliza, "Uliona au uliota?" Akajibu, "Niliona, mwalimu." Nikampa sifuri kwa jibu, na kwa kiburi chake nikamtoa nje. Tangu siku hiyo anasikiliza kemia kupitia dirishani, na ataendelea hivyo mpaka aandike barua ya kuomba msamaha.

Nakusimulia haya ili ujue kwamba katika ujinga wako hauko peke yako. Inaonekana ni maradhi ya mtaa.

Betri nazisubiri.

Sifuna W.


Makina,
30 Mei 2025

Mwalimu,

Huyo msichana anaitwa nani? Na amekaa nje ya dirisha siku ngapi, na mvua hii yote?

Ruweida


Kawangware,
3 Juni 2025

Bi. Ruweida,

Naona umeacha habari ya betri umeshika habari ya watoto wa watu. Ni njia ya kale ya kukwepa hoja.

Anaitwa Rania Ramzy. Juu ya dirisha kuna ukingo wa bati unaotosha mtu mmoja akisimama wima, kwa hiyo hajanyeshewa kiasi cha kuandikiwa barua. Siku sikuzihesabu, mwenye kuhesabu ni yeye. Ni mkaidi. Kila kipindi cha kemia husimama pale, daftari ameliegemeza ukutani, anaandika. Nilimwambia, "Ukurasa mmoja tu wa kuomba radhi na unarudi kwenye kiti chako." Akaendelea kuandika somo.

Nimemwita mzazi wake mara mbili kwa barua. Baba ni dereva wa lori huko Juba, mama alifariki, na mtoto anaishi na shangazi fulani ambaye hajaja wala kujibu. Labda hajui kusoma. Mtihani wa taifa uko karibu, na watu wa aina hiyo ndio baadaye husema walimu wamewaangusha watoto wao.

Sasa turudi kwenye betri.

Sifuna W.


Makina,
5 Juni 2025

Mwalimu Sifuna,

Shangazi anajua kusoma. Shangazi amekuwa akisoma barua zako tangu tarehe ishirini mwezi uliopita, ile ya kwanza kwa sauti.

Rania ni mtoto wa ndugu yangu Ramzy. Amelala nyumba yangu tangu akiwa na miaka tisa. Barua zako mbili za kumwita mzazi nimezikuta jana chini ya godoro lake, zimekunjwa vizuri, hazijafunguliwa hata. Wiki tatu huyu mtoto anatoka hapa asubuhi, anatembea mpaka Kawangware, jioni anarudi na sweta imelowa bega moja. Nikiuliza ananiambia ni mvua ya njiani. Sikujiuliza mvua gani inanyesha bega moja tu. Hapo mimi ndiye mjinga, hilo nakupa.

Jana nilimketisha.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeenda kupigana."

"Na kwa nini hukuandika tu hiyo barua yake, uingie darasani?"

Akaniangalia kama mimi ndiye mtoto. "Shangazi, niandike pole kwa kuona?"

Wewe, na miaka yako kumi na tisa, uko na jibu?

Ukaleta ushahidi wa watoto arobaini na mmoja. Mimi sijui walichoona hao. Lakini taa hiyo niliiona mimi huku Makina, aliiona Shivachi, aliiona Rania kwa meza yako, na maji ni ya mtungi mmoja. Sasa tuseme sote watatu tuliota?

Kesho ni Idd. Sitaharibu Idd yangu kwa ajili yako. Nitakuja shule Jumanne saa nne asubuhi na chupa ya maji ya betri na taa yangu ya redio mbovu, tupime mbele ya mwalimu mkuu, mtungi wako na chupa yangu, meza moja. Hakuna kutukanana. Taa itaongea yenyewe.

Ruweida, shangazi ya Rania


Makina,
13 Juni 2025

Mwalimu,

Jumanne nilikuja. Askari wa langoni aliniambia umeenda semina Riruta na mwalimu mkuu yuko mkutanoni. Nikamwambia sawa. Wakati anaandika jina langu kwa kitabu nilikuona kwa dirisha la ofisi ya walimu, kikombe mkononi. Na wewe uliniona. Ukarudi nyuma ya pazia, mtu mzima, polepole, kama anayeficha chakula.

Hiyo ningeicheka tu. Lakini jana Shivachi alikuja hapa bila betri na bila mtungi. Ameniletea karatasi nisome kwa sababu macho yake yalikuwa yamejaa machozi haoni. Amesimamishwa kazi. Imeandikwa kwamba yeye, bila ruhusa ya mtu, alijaza mtungi wa maabara kwa maji ya tangi ya kisima akawadanganya walimu. Aende ajieleze Jumatatu tarehe 23 au afutwe. Iko na sahihi yako, ule mwandiko wa kadi ya harusi.

Amekaa kwa hiyo maabara tangu Rania hajazaliwa. Nilimpa chai. Nikamuuliza, "Ulijaza wewe?"

"Nilijaza mimi, mama."

"Nani alisema ujaze?"

Kwanza alikataa kusema. Mtu unayemfukuza, Mwalimu, alikukingia mpaka chai ikapoa. Halafu akasema koili ya mtambo iliungua mwezi wa kwanza. Alikuambia. Ukamwambia ukiripoti utaulizwa kwa nini mtambo uliungua ukiwa umewashwa bila maji, na aliyeuwacha hivyo ni wewe. Ukamwambia, "Jaza kutoka tangi kwa sasa, hakuna atakayejua." Na kila Ijumaa ukatia sahihi.

Kwa hiyo ulijua. Unaniandikia juu ya sufuria yangu na mfereji wangu, na ulijua. Unamsomea Rania karatasi yake watoto wamcheke, na ulijua. Mpaka juzi nilikuwa nakudharau kwa mchezo, vile mafundi hudharauliana, kesho wananywa chai. Leo nakudharau nikiwa nimeketi, nimetulia, sina hasira hata kidogo.

Chupa yangu niliiacha kwa askari. Lita moja. Kama bado uko na taa, pima mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa, usione haya. Uone vile Rania aliona.

Ruweida


Kawangware,
20 Juni 2025

Bi. Ruweida,

Barua hii haina nakala kwenye faili. Iliyo kwenye faili ni nyingine, nitakueleza.

Uliandika kwamba nilijua. Nilijua habari ya tangi. Kuhusu taa, ukweli ni mbaya zaidi: siku ile ya zoezi sikuangalia. Niliketi mbele nikisahihisha karatasi za kidato cha pili. Jibu lilikuwa kwenye kitabu, sikuona sababu ya kuinuka. Nilisahau kabisa kwamba maji yale si yale ya kitabuni. Nilipoisoma karatasi ya Rania nilikumbuka, nikiwa nimesimama mbele ya darasa, katikati ya kicheko. Ningeweza kunyamaza hapo. Nikamuuliza kama aliota.

Jumamosi niliichukua chupa yako kwa askari. Nilifunga mlango kama ulivyosema. Kwenye maji yako taa haikuwaka. Kwenye mtungi iliwaka, wala haikuwa hafifu kiasi cha kubishaniwa. Nilikaa pale muda mrefu nikiiangalia.

Jumatano nilimruhusu Rania aingie. Aliingia hadi kizingitini, akasimama hapo. Nikaweka bilauri mbili mezani, nikapima mbele yao wote. Nikawaambia maji ya mtungi, hata yale tuliyokorogea sukari, ni ya tangi tangu Januari, kwa amri yangu, na kwamba Bwana Shivachi alitii tu. Kisha nikauliza, "Tarehe 14, nani mwingine aliona taa ikiwaka?"

Nikauliza tena. Mitchelle, anayeketi nyuma, akainua mkono. Halafu wawili. Halafu sikuweza kuhesabu, na nikiwahesabu leo kwa kumbukumbu hawapungui thelathini.

"Sasa mbona mliandika haikuwaka?"

Wakatazamana. Derrick, kiranja wao, ndiye aliyejibu, kwa adabu, bila kejeli yoyote: "Mwalimu, tulijua unataka nini."

Nimekuandikia ushahidi wa watu arobaini na mmoja, Bi. Ruweida, nikajivunia idadi. Nilikuwa nahesabu woga. Na mimi ndiye niliyeupanda, mwaka baada ya mwaka, nikiuita nidhamu.

Siku hiyohiyo nilimwandikia mwalimu mkuu kila kitu: mtambo, sahihi, na barua ya uongo niliyomwandikia Bwana Shivachi. Hiyo ndiyo iliyo kwenye faili. Shivachi ameitwa arudi kazini Jumatatu, na barua ya kumsafisha itasomwa mbele ya walimu wote. Nimevuliwa ukuu wa idara, na bodi ya shule itaniita mwezi ujao. Nitafundisha mpaka hapo, kama nitaruhusiwa.

Niliandika mambo kuhusu elimu yako, kazi yako na mtaa wako. Nimeyasoma upya yote, kwenye nakala zangu nilizozitunza kwa fahari. Nakuomba radhi. Sitarajii jibu zuri, na ukinijibu kwa maneno yako ya tarehe 13 nitaona umenihurumia.

Rania alipomaliza kuangalia bilauri zile hakuketi. Alitoka akaenda nyumbani, na Alhamisi na leo hakuja. Mwambie kiti chake kipo. Mwambie nimemwandikia alama zake. Mwambie kati ya wote, yeye peke yake ndiye hakuniogopa.

Sifuna


Makina,
22 Juni 2025

Kwa Mwalimu Sifuna,

Mimi ni Rania. Shangazi amenipa barua yako nisome, akasema nijibu mimi kwa sababu yeye hana karatasi ya kupoteza. Nakuambia vile alisema, bila kubadilisha. Pia amesema betri ziko tayari. Amezitia pleti mpya. Bwana Shivachi azifuate kesho akitoka kwa huo mkutano wa walimu, na atapewa yeye mkononi, si mtu mwingine.

Sikuja Alhamisi na Ijumaa kwa sababu nilikuwa na homa. Si hasira. Hasira pia ilikuwa, lakini homa ndiyo ilinilaza. Shangazi anataka nitafute shule nyingine. Nimemwambia imebaki miezi minne, na mwalimu mwingine sijui kama atakuwa mzuri au mbaya, wewe nishakujua.

Kwa hivyo nitakuja Jumatatu. Nitakaa kando ya Mitchelle. Usiniweke mbele na usinitolee mfano kwa kidato cha tatu, tafadhali. Siku ulinisomea nilitamani sakafu ifunguke, na hata ukinisifu mbele yao nitatamani vilevile.

Ile barua ya msamaha uliyotaka siandiki. Na wenzangu usiwapunguzie alama. Wameshaniambia pole, wengine walitembea mpaka Makina kuniambia.

Kuna kitu kimoja si kweli kwa barua yako, na sitaki kikae hivyo. Umesema sikukuogopa. Niliogopa sana. Angalia karatasi yangu, iko kwa kabati yako, uangalie mstari wa tano, ule wa maji ya mtungi. Karatasi imechakaa hapo karibu itoboke. Kwanza niliandika "haiwaki" kama kila mtu. Nikafuta nikaandika "inawaka". Nikakuangalia wewe pale mbele, nikafuta, nikarudisha "haiwaki". Derrick alikuwa ashamaliza, akaniambia, "Rania, peleka, kengele inalia." Nikaangalia meza mara moja ya mwisho kabla nizime taa, na ilikuwa bado inawaka.

Rania Ramzy
Kidato cha Nne